Mafuta Gani?

Lori lao lilikuwa kuukuu, nao walilipa jina la Bikizee. Lilibeba mchanga na matofali, na ndilo lililolisha nyumba nzima: dereva, mkewe, watoto wao na shemeji. Shemeji alikuwa mdogo wake mke, na ndiye aliyekuwa utingo, msaidizi wa dereva.

Asubuhi dereva alikunywa chai amesimama. Shemeji alipanda nyuma na kigogo chake, kipande kizito cha mti. Bikizee akikataa kusimama, shemeji aliruka chini na kukisukuma kwenye gurudumu.

"Breki zikoje leo?" mke aliuliza.

"Anataka kubembelezwa kidogo tu." Dereva alikanyaga pedali, ikazama. Akakanyaga tena na tena, ndipo ikashika.

"Bikizee mzima anaombwa mara tatu!" shemeji alicheka. "Breki ni mimi hapa. Breki yenye miguu miwili."

"Punguza mdomo, shemeji. Panda twende."

Gurudumu moja la nyuma lilikuwa limelowa upande wa ndani. Wote waliliona. Kila mafuta ya breki yalipopungua kwenye kikopo, waliongeza mengine, wakaondoka.

Siku moja dereva alifunua boneti. Akaonyesha kikopo cha breki kwa kidole. "Shemeji, mafuta yamepungua. Ongeza." Kisha akaenda kutafuta ufunguo.

Ukutani palikuwa na dumu la mafuta ya injini. Shemeji aliona ni mafuta. Akamimina, akafunga.

Siku chache zilipita salama. "Unaona? Bikizee kakubali," dereva alisema.

Kisha wakawa wanateremka kutoka machimboni, lori limejaa mchanga. Dereva akakanyaga pedali. Ikagonga sakafu. Akakanyaga tena, tena, tena. Hapakuwa na kitu.

"Shemeji!"

Shemeji alikuwa amekwisha kuruka. Alikimbia kando ya lori, akasukuma kigogo mbele ya gurudumu. Kigogo kikateleza, naye akaanguka. Dereva akageuza usukani, akaligonga lundo la udongo. Lori likasimama. Mguu wa kushoto wa shemeji ulikuwa chini ya gurudumu.

Hospitalini waliukata chini ya goti.

"Usinililie, dada," shemeji alisema kitandani. "Pea moja ya soksi sasa nitaivaa mara mbili."

Kisha akageukia ukuta.

Mke alirudi nyumbani, akamkuta mumewe amekaa kwenye ngazi ya lori, lililokuwa limevutwa hadi pale. "Liuze," alisema. "Wakalikate chuma chakavu."

"Tutakula nini, mama watoto?"

"Na tulikuwa tunakula nini? Tulikuwa tunakula mguu wa mdogo wangu."

Baada ya hapo hakumsemesha tena. Chai alimwekea mezani bila neno.

Jirani yao alikuwa fundi wa breki. Walimwita Kimya, kwa sababu hajawahi kunyamaza. Shemeji alipotoka hospitali, Fundi Kimya alikuja na jeki na spana zake.

"Kuuza utauza," alimwambia mke. "Lakini atakayelinunua huenda asilikate, na yeye pia ana utingo. Ngoja kwanza tujue linaumwa nini."

Aliinua lori, akaweka vigingi vya chuma chini yake ili lisianguke. Akatoa gurudumu, kisha dramu, bakuli la chuma linalofunika breki. Vumbi la ndani akalinyunyizia maji. "Usilipulize hili. Likiingia kifuani halitoki."

Akaonyesha silinda ndogo iliyokaa kati ya viatu vya breki. "Ukikanyaga pedali, mafuta yanakuja hapa. Yanasukuma pistoni hizi mbili. Pistoni zinasukuma viatu, viatu vinabana dramu, gari linasimama. Na kinachozuia mafuta yasitoke nje ni mpira huu mdogo. Basi. Maisha yenu yote yako hapa."

Akautoa mpira. Ulikuwa umevimba, laini kama ulimi. Akaunusa.

"Nani katia mafuta ya injini?"

Shemeji alikuwa mlangoni, ameegemea magongo. "Mimi. Niliambiwa niongeze mafuta."

Dereva aliinamisha kichwa. "Mimi ndiye niliyesema mafuta. Sikusema mafuta gani."

Mke akamtazama. "Na gurudumu lilikuwa limelowa. Uliliona?"

"Niliona."

"Kila siku?"

"Kila siku."

Mke akakaa chini. "Mimi pia niliona," akasema.

Fundi Kimya alinyamaza. Lilikuwa jambo geni.

"Mafuta ya injini huvimbisha mpira wa breki," alisema mwishowe. "Lakini mpira ulikuwa umekwisha kabla. Gurudumu likilowa, breki inavuja. Kuongeza mafuta siyo kutengeneza."

"Basi badilisha huo mmoja," dereva alisema.

"Mmoja? Sumu imepita kila paipu! Ni mipira yote ya magurudumu yote. Na ya silinda kuu. Na hozi, yale mapaipu ya mpira. Ukiacha mmoja, katafute kigogo kingine. Na shemeji mwingine."

Wakaifanya kazi yote. Mapaipu yalisafishwa hadi yakatoka safi. Silinda walizisafisha kwa mafuta mapya ya breki, si petroli. Fundi alipitisha kidole ndani ya kila moja. Moja ilikuwa imeliwa na kutu, akaitupa, wakaweka mpya. Viatu vilivyolowa navyo vikatupwa. Mipira mipya aliichovya katika mafuta ya breki, akaiingiza midomo yake ikielekea ndani, mafuta yanakotokea.

Ikabaki kutoa hewa. "Hewa ikibaki ndani, pedali itazama tu. Nani anakanyaga?"

Mke akapanda. Walianza na gurudumu la mbali zaidi.

"Kanyaga! Shikilia!" Fundi akalegeza nati, povu likatoka. Akaikaza. "Achia! Kanyaga tena!"

Walirudia gurudumu moja baada ya jingine, mpaka povu likaisha. Pedali ikawa ngumu chini ya mguu wa mke. Hakuondoka mpaka alipoijaribu mwenyewe mara nyingi.

Dumu la mafuta ya injini lilihamishiwa mbali. Siku hizi nyumbani kwao hata mtoto akitumwa mafuta ya kupikia, huuliza kwanza: "Mafuta gani?"

Walijaribu breki uwanjani lori likiwa tupu. Zilishika. Ndipo wakaenda machimboni. Shemeji hakukubali kubaki. Alikaa mbele karibu na dereva, magongo mapajani. Kigogo kilibaki nyumbani.

Kwenye mteremko ule ule, na mzigo wa mchanga kama ule nyuma, dereva akakanyaga pedali mara moja.

Bikizee akasimama.

Dereva alikuwa akitokwa jasho. Akamwona shemeji ameshika mlango kwa nguvu, anatazama chini, pale mguu wa kushoto ulipokuwa zamani.

"Nini, shemeji?"

"Hamna kitu," shemeji alisema. "Ni ule mguu. Ulikuwa umekwisha kuruka."