Mshale Juu ya Uso wa Ruqaiya

Aliyeisimulia kwanza habari hii ni Siraji, fundi wa kompyuta wa Arua, Ramadhani ya mwaka 2024, baada ya futari nyumbani kwa Shehe Hamuza, Koboko. Mambo yenyewe yalitokea miaka mitano kabla.

Mama Kulusum alikuwa na duka la kuchapa kadi na picha mjini Arua. Siku hizo alitengeneza kadi ya harusi ya binti yake Ruqaiya, na picha kubwa ya ukoo wote. Akamwita Siraji kwa jambo dogo: kila alipoandika katika dirisha la kadi, dirisha la picha liliruka mbele na kumeza herufi. Mshale wa skrini nao ulijiendea.

"Hii kompyuta iko na shetani."

Siraji akacheka. "Hapana shetani, Mama. Iko mfumo ya zamani tu."

Akamweleza kwamba mashine ile ilikuwa na njia mbili za kuchora skrini. Katika ile ya zamani, X11, dirisha lolote laweza kujisukuma mbele na kuusogeza mshale. Katika mpya, Wayland, haliruhusiwi mpaka mkono wa mtu uguse kwanza. Akahamia Wayland. Madirisha yakatulia.

Alikuwa akikunja waya zake aliposikia harufu ya udi ikitoka kwenye feni ya mashine. Chetezo cha duka kilikuwa baridi.

Dirisha la picha likaja mbele. Mshale ukapanda polepole, ukasimama juu ya uso wa Swadiki, kaka yake Kulusum.

"Wewe umegusa?"

"Hapana, Mama."

Kesho yake simu ikaja kutoka Ludara. Swadiki alikuwa ameanguka shambani, hakuinuka.

Baada ya mazishi Siraji alirudi dukani, na safari hii hakucheka. Alirudisha X11, mshale ukasogea, akaweka Wayland, ukasogea, akachomoa mausi, akaishika kiganjani ahakikishe waya wake haufiki popote, na mshale ukaendelea kupita uso kwa uso, ukimruka huyu, ukimchungulia yule, kama mtu anayetafuta jamaa yake msibani, hadi ukatua juu ya paji la Ruqaiya, na kutoka chumba cha nyuma, alikokuwa akikunja bahasha, Ruqaiya mwenyewe akaita kwa sauti nyembamba, "Mama, nasikia baridi."

"Zima!" Kulusum akanong'ona.

Siraji akang'oa waya wa umeme ukutani. Skrini ikawa nyeusi. Mshale ukabaki.

Hapo ndipo Siraji alipokumbuka maneno yake mwenyewe: mpaka mkono uguse kwanza.

Shehe Hamuza aliletwa kutoka Koboko. Alipofika, Ruqaiya alikuwa hawezi tena kuketi.

"Nani alifukiza hii mashine?"

"Mama yangu Kadijah, Mungu amrehemu. Siku ya kufungua duka."

"Saa gani?"

"Adhana ya magharibi ilikuwa inalia."

"Na mulango?"

Kulusum akainamisha kichwa. "Ilikuwa wazi."

Hakuna mwanamke wa Kinubi asiyejua kwamba wakati huo mlango hufungwa kwanza ndipo bakhuri ipitishwe, maana nje wanapita wengine. Bi Kadijah, kwa furaha ya duka jipya, alisahau.

"Basi hii haikuvunja," Shehe akasema taratibu. "Ilikaribishwa. Mkono iliyoikaribisha ndiyo inaweza kuiaga."

"Iko kaburini!"

"Damu yake haiko kaburini." Akatazama skrini. "Lakini haitatoka peke yake, mama."

Kulusum akawasha chetezo, akafungua mlango wazi, akaweka mkono juu ya mausi iliyochomolewa. Mshale ukamtii, na picha ikajitokeza tena kwenye skrini iliyozimwa. Akauondoa kwenye paji la mwanawe, akauvuta safu kwa safu hadi kwenye uso wake mwenyewe.

"Twende, mgeni," akasema. "Mimi nasindikiza wewe."

Akabonyeza. Skrini ikafa, harufu ikakatika. Nyuma ya pazia Ruqaiya akaomba chai.

Mama Kulusum hakuiona harusi. Amezikwa Ludara, kando ya Swadiki. Shehe Hamuza yuko hai, ila macho yamechoka. Siraji yuko hai. Anauza mbegu, na kompyuta haigusi. Ruqaiya yuko hai, ameolewa Koboko. Binti yake, aliyepewa jina la Kadijah, yuko hai na ana afya. Na kila magharibi, adhana inapoanza, huwahi kufungua mlango wa mbele, akasema karibu.