Ndege ya Mabawa ya Kukunja

Jumamosi ile duka la vichezeo na vifaa vya kuunda lilijaa watu hadi hewa yenyewe ilikuwa inapanga foleni. Muuzaji alikuwa anatembea kwa mabega, maana nafasi ya kuweka miguu ilikwisha tangu saa nne. Katika msongamano huo, kwenye rafu ya mwisho kabisa, mikono miwili ya watu wasiojuana ikaangukia sanduku moja.

Mkono wa kwanza ulikuwa wa mwanamke wa miaka arobaini na kitu, gauni la bluu lililopauka, kilemba kilichofungwa kwa haraka, na unga mweupe wa plasta kwenye kucha. Alikuwa fundi wa meno ya bandia. Siku nzima alikaa kwenye chumba kisicho na dirisha akichonga magego ya watu asiowafahamu. Mkono wa pili ulikuwa wa mwanaume aliyevaa ovaroli ya kijivu iliyonuka grisi, mrefu, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Huyu alikuwa fundi lifti.

"Samahani, kaka. Sanduku hili nimelishika tangu saa tano."

"Umelishika au umeliegemea, dada? Nimekuona umefumba macho."

"Nilikuwa nachagua."

"Unachagua umelala?"

Mwanamke alitaka kukasirika, akakuta hana nguvu ya kukasirika. Akacheka kidogo, kicheko cha mtu anayelipa kwa sarafu ya mwisho.

"Mnunulie mtoto wako kingine," akasema. "Mimi hili nalihitaji. Kuna kikundi chetu, tunakutana nyuma ya maktaba, mwaka huu tunaunda ndege ndogo za plastiki, zile zinazorukia juu ya manowari."

Fundi lifti akaachia sanduku, akalishika tena. "Kikundi cha Mwenyekiti? Mbona sijawahi kukuona?"

"Mimi naenda Jumanne."

"Mimi Jumamosi. Na sina mtoto, dada. Mtoto ni mimi."

Basi wakatazamana kwa huruma, kwa kuwa wote walijua sheria. Kila mwanachama alichagua ndege yake ya plastiki, akaiunganisha kwa wiki nane, na siku ya maonyesho zote ziliwekwa juu ya sitaha moja ndefu ya mbao. Ndege mbili za aina moja hazikuruhusiwa. Mwenyekiti, mstaafu wa posta, aliandika chaguo la kila mtu ubaoni, na alichokwisha kuandika hakufuta hata kama dari lingeanguka.

"Chukua ile helikopta," mwanamke akajaribu.

"Helikopta haina mabawa, ina wasiwasi tu. Kwa nini usichukue jeti?"

"Mwoka mikate wa kikundini kashajiandikisha nayo."

"Na ile ya mabawa ya ghorofa, moja juu ya jingine?"

"Ina nyuzi kama kamba za kuanikia nguo. Mimi macho yangu nayaachia kazini." Akagusa picha ya sandukuni: ndege ya pangaboi moja, tumbo kubwa, mabawa yanayokunjwa mgongoni ili nyingi zienee ndani ya meli. "Hii inaonekana imechoka kama mimi. Ndiyo maana naitaka."

Fundi lifti akaiangalia ndege, akamwangalia mwanamke, akaiangalia ndege tena.

"Basi tuandikishe majina mawili kwa ndege moja," akasema. "Sheria imekataza ndege mbili. Watu wawili haijawakataza."

Hivyo ndivyo ilivyoanza. Fundi lifti alichukua kiwiliwili na mabawa. Mwanamke, mwenye vidole vya kusawazisha jino lisilozidi punje ya mchele, akachukua chumba cha rubani na kuba lake la kioo. Kisha zikaja simu. Fundi alipiga akiwa ndani ya mashimo ya lifti, sauti ikirudi mara nne nne.

"Daktari, umekula?"

"Mimi si daktari. Nimekula mkate nimesimama. Wewe uko wapi?"

"Kati ya ghorofa ya sita na ya saba."

"Ghorofa wangu, utakuja kufia humo. Shuka."

"Nikishuka nitakuwa mbali na wewe. Kazini kwako si juu?"

"Kazini kwangu ni chini, karibu na mabomba. Shuka tu, mpenzi, utanikuta."

Jina la Ghorofa likamganda. Wiki ya tatu alishapelekwa kwa Shangazi wa mwanamke, aliyeishi naye ghorofa ya saba ya jengo ambalo lifti yake ilikufa zamani sana, hata buibui waliozaliwa ndani yake wameshapata wajukuu. Shangazi alimtazama mgeni aliyefika akihema.

"Wewe ndiye fundi lifti?"

"Ndiyo, Shangazi."

"Na umepanda kwa miguu? Basi wewe ni fundi wa kweli. Mganga hajigangi. Kaa."

Wiki ya tano wakafika hatua ya ishirini na tatu. Karatasi ya maelekezo ilidai uamuzi: mabawa yakunjwe au yanyooshwe. Gundi ile ikishika, haina kurudi nyuma. Fundi akapiga simu Ijumaa saa nane mchana. Mwanamke alikuwa na taya kumi na nne mezani, zote zinamchekea.

"Daktari, mabawa tunafanyaje?"

"Fanya utakavyoona, mpenzi. Nimechoka."

Fundi akafanya alivyoona. Akayanyoosha.

Jumapili alasiri mwanamke alifika kwa fundi, gauni jipya la rangi ya zambarau, kuba la kioo ndani ya kikasha cha meno. Alipoiona ndege mezani imetandaza mabawa, akasimama. Akapima kwa mkono: shubiri moja na nusu, na zaidi. Rafu ya nyumbani kwake, ile iliyo kati ya televisheni na mlango, ilikuwa na shubiri moja tu. Alishaifuta vumbi. Alishamwambia Shangazi ahamishe sanamu ya paka.

"Hii kwangu haiingii," akasema.

"Si itakaa hapa."

Maneno matatu. Fundi alikuwa na mengine ishirini nyuma yake, aliyoyafanyia mazoezi ndani ya shimo la lifti hadi wapangaji wa ghorofa ya tano wakalalamika kuna mtu anaposa ukutani. Lakini aliwahi kumwonyesha mwanamke mmoja nyumba yake, miaka saba nyuma, na yule mwanamke akaihamisha yote, akamwachia matundu ya misumari. Badala ya kuyasema, akaifunga chupa ya gundi.

"Kumbe," mwanamke akasema taratibu. "Uliponiuliza ulikuwa umeshaamua ndege ni ya nani."

"Uliniambia nifanye ninavyoona!"

"Na umeona kwako. Kwaheri, fundi."

Hakumwita Ghorofa. Akaondoka na kikasha chake, na ndege ikabaki na shimo mahali pa rubani.

Zikapita wiki mbili na siku kadhaa za simu zisizopigwa. Mwanamke alichonga meno, akapanda ngazi, akalala amevaa viatu. Shangazi hakumwonea huruma.

"Umenuna hadi maziwa yanaganda," akasema. "Mpigie."

"Apige yeye."

"Haya. Na yeye huko anasema upige wewe. Mtakutana makaburini."

Alhamisi simu ikalia kweli, lakini alikuwa Mwenyekiti. "Mama, maonyesho ni keshokutwa. Ubaoni mna majina mawili."

"Futa langu, Mzee wangu. Liache lake."

"Sifuti."

"Kwa nini?"

"Kifutio kimepotea," akasema Mwenyekiti, akiwa amekikalia. Akakata simu.

Ijumaa, saa kumi na mbili jioni, mwanamke alianza kupanda ngazi zake akishika ukuta. Ghorofa ya nne akamkuta mtu amekaa kwenye ngazi, ovaroli imelowa jasho, sanduku la ndege mapajani, na ubao mrefu umeegemea ukuta.

"Umekuja kufanya nini?" akauliza.

"Nimekuja kwako. Nguvu zimeniishia hapa."

"Na huo ubao?"

"Ni rafu. Nimeing'oa kwangu."

"Ghorofa… ukuta wetu haushiki skrubu. Hata saa imeanguka mara tatu."

"Najua. Sikuileta uitundike. Nimeileta uisome."

Mwanamke akadhani anataniwa. Lakini miguu haikutaka kuendelea, kwa hiyo akaketi ngazi moja chini yake na kuulaza ubao magotini. Ulikuwa umepigwa randa vizuri, na juu yake kulikuwa na alama za penseli, miraba miraba, kila mmoja na maandishi yake. *Ndege (mabawa yakiwa wazi).* *Vikombe vya Daktari.* *Miwani ya Daktari, asiitafute.* Na mwisho, upande wa dirishani: *Redio ya Shangazi.*

Akaugeuza. Mafundi lifti wana desturi: chochote wanachofunga hukiandikia tarehe na sahihi, ili kikianguka ijulikane nani aulizwe. Tarehe ilikuwa ya Alhamisi, siku moja kabla ya ile simu ya mabawa.

Akapitisha ukucha juu ya tarehe ile. Sauti ya maji ikapita ndani ya bomba la ukutani, ikaisha.

"Rafu hii ilikuwa wapi siku ile?"

"Chumbani, nyuma ya pazia. Nilitaka kukuonyesha baada ya ndege."

"Kwa nini hukusema?"

"Niliogopa. Halafu ulikuwa umechoka."

"Mimi nimechoka kila siku."

"Na mimi."

"Sasa umepanda ghorofa nne na ubao mgongoni ili nisome? Simu huna?"

"Kwenye simu ungeniambia nifanye nitakavyoona."

Akacheka, na kicheko kikageuka kuwa machozi njiani, hakujua ni wapi hasa. Akajifuta kwa ncha ya kilemba. Kisha akafungua mkoba, akatoa kikasha cha meno, na kwa vidole viwili akalishusha kuba la kioo juu ya shimo la rubani. Likakaa bila kusukumwa.

"Ghorofa."

"Naam."

"Nimechoka kuchoka peke yangu."

Hapo ndipo sauti ilipodondoka kutoka ghorofa ya saba, kupitia katikati ya ngazi.

"Nyie hapo chini! Kama mnaoana semeni nifunge vyombo. Kama hamwoani, nyamazeni nisikilize taarifa ya habari!"

Fundi akainua kichwa. "Shangazi! Redio yako inapenda kukaa upande wa dirisha?"

Sauti ya redio ikapunguzwa. Kisha: "Nyumba yenyewe iko ghorofa ya ngapi?"

"Ya kwanza!"

"Ina lifti?"

"Haina!"

"Basi nakuja," Shangazi akasema, na mlango ukafungwa.

Mwanamke akaegemeza kichwa kwenye goti la ovaroli, plasta ikachanganyika na grisi. Zilibaki ngazi za ghorofa tatu kupanda, na kesho kulikuwa na sitaha ya kujaza. Hakuna aliyesimama. Ndege ilikaa juu ya ubao wake, ndani ya mraba wake wa penseli, mabawa yakiwa wazi.