Mwanamke Aliyefutwa Kitabuni

“Konse, huyu ni wewe!”

Rispah aliingia stoo ya mashuka mbiombio, gazeti la Jumapili kwapani, akausukuma mlango kwa kisigino ukajifunga. Concepta alikuwa anakunja foronya. Hakuinua uso.

“Mimi nani tena?”

“Sura ya kitabu cha Tobias. Wameichapa hapa, ukurasa mzima. Kaa chini kwanza.”

“Soma tu nasikia. Meneja akinikuta nimekaa ataniona mvivu.”

Rispah alikuwa mpokezi wa hoteli hiyo ya Diani, na sauti yake ya kupokea simu iliwafanya wageni watake kupiga tena. Leo ilikuwa inakwaruza. Akasoma:

“‘Consolata aliposikia komeo likifungwa kwa nje, ndipo alipojua kwamba Sule, seremala wa Msambweni, hakumwokoa. Alikuwa amemchagua. Wenzake walikuwa wakichoma vyumba vya watu wa bara. Yeye alijitwalia fungu lake.’”

Foronya ikamponyoka Concepta.

“Endelea.”

“Inazidi kuwa mbaya, Konse.”

“Rispah, endelea!”

“‘Hakukuwa na mwanamke mwingine katika nyumba ile. Sule akaingia chumbani bila kubisha...’ Haki siwezi. Si huyu ni Suleiman? Fundi Suleiman anayetutengenezea vitanda hapa hapa?”

Concepta akakaa sakafuni bila kupenda, mashuka yakamporomokea mapajani.

Mwaka wa tisini na saba, watu wa bara walipochomewa vyumba Ukunda, Concepta alikuwa ameshuka kutoka Busia miezi michache tu kabla, kuja kusafisha vyumba vya wageni. Suleiman alimkuta amejikunyata nyuma ya karakana ya hoteli, akamfunika turubai katika mkokoteni wa mbao, akamfikisha nyumbani kwake Msambweni. Lakini aliyemwokoa hasa alikuwa mke wa Suleiman, Mwanasiti. Huyo ndiye aliyemvika baibui na kumfundisha kuitikia salamu bila lafudhi ya bara. Na wanaume wenye mapanga walipogonga, alisimama mlangoni na mwiko mkononi akawaambia, “Huyo ndani ni mdogo wangu. Ana tetekuwanga. Anayeitaka aingie.” Hawakuingia.

Kwamba alifichwa Msambweni, hotelini wengi walijua; lakini kisa chenyewe Concepta hakumsimulia mtu ila mmoja tu: Tobias, mwandishi wa riwaya kutoka Nairobi. Vitabu vyake vilikuwa vya watu wanaofukuzana kwa magari mpaka mpakani Lunga Lunga, wapelelezi, wapiga mbizi, wanawake wenye bastola mikobani. Alikuja kukaa hotelini aandike kipya, akamkuta Concepta amesimama mbele ya rafu ya vitabu walivyoacha wageni, kitambaa cha vumbi begani, anasoma.

“Unapenda vya namna gani?” alimwuliza siku hiyo.

“Vya watu wanaokimbizwa.”

“Kwa nini?”

“Nataka kujua kama watafika.”

Tobias alicheka, akakaa naye mpaka meneja akakohoa. Mwaka haukuisha, akawa amehamia chumbani kwa Concepta kule Ukunda, na sasa matangazo ya ndoa yao yalikuwa yanasomwa kanisani. Kitabu chenyewe alimkatalia kukiona. “Utakisoma siku ya uzinduzi, mpenzi. Ni zawadi yako.” Uzinduzi ulikuwa Jumamosi, katika ukumbi wa hoteli hiyo hiyo.

Simu ya mapokezi ililia kabla ya chakula cha mchana. Rispah alisikiliza, akamwita Concepta, akamkabidhi mkono wa simu.

“Mpenzi!” Tobias alikuwa Mombasa, na furaha ilimjaa kooni. “Umeona gazeti? Mchapishaji anasema ukumbi hautatosha.”

“Mwanasiti yuko wapi?”

“Nani?”

“Mke wa Suleiman. Nimemtafuta katika sura yako simwoni.”

“Aah, Konse. Hiyo ni riwaya. Msomaji wa visa vya kusisimua hataki mke anayepika uji. Anataka mlango uliofungwa, mtu hajui atatokaje. Anataka hatari.”

“Hatari ilikuwa nje ya mlango, Tobias. Ndani mlikuwa na uji.”

“Nimebadilisha majina.”

“Sule ni jina gani? Msambweni kuna maseremala wangapi wanaotengeneza vitanda vya hoteli?”

“Tutazungumza nikirudi. Nakupenda, sawa?”

Simu ikakatika. Kama ni sarafu zilikwisha, au ni yeye aliyeikata, Concepta hakujua.

Rispah alikuwa anachezea kalamu. “Konse, kuna jambo. Sikujua lina maana, ndiyo sababu sikulisema. Alipofika hapa mara ya kwanza, kabla hamjajuana, aliniuliza ni yupi kati ya wasafishaji aliyefichwa Msambweni wakati wa vurugu. Nikamwonyesha wewe.”

Concepta alirudisha mkono wa simu mahali pake polepole, kana kwamba ungevunjika.

“Alinijia akiwa ameshanijua?”

“Pole, dada.”

Asubuhi ya pili yake akaitwa kwenye lango la wafanyakazi. Suleiman alikuwa amesimama ng'ambo ya barabara, kofia mkononi.

“Shikamoo, fundi.”

“Marahaba. Dada Concepta, usinikaribie sana. Watu wanatazama.”

“Wewe ndiye wa kusema hivyo?”

“Mimi ndiye. Gazeti limesomwa kwa sauti penye benchi la kahawa. Nilipopita wakanyamaza wote. Watu niliowatengenezea milango!” Akaigeuza kofia ndani nje. “Siti ameondoka. Yuko kwa kaka yake, Jego.”

“Mligombana?”

“Ningependa tugombane. Alifunga nguo zake, akaniuliza neno moja tu: ‘Zile siku nilipokwenda Jego kumzika mama, nikamwacha Concepta ndani, wewe ulilala wapi?’ Nikamwambia nje. Akanitazama kama unavyoutazama ubao uliooza katikati. Nitamletea shahidi gani? Mbu?”

“Kwa nini hukumwambia zamani?”

“Mtu humwambia mkewe jambo alilolifanya. Mimi sikufanya kitu.” Kisha akamtazama usoni kwa mara ya kwanza. “Nami nina swali moja. Mwandishi huyo alijuaje kwamba Siti alikuwa hayupo siku hizo?”

Concepta alitamani barabara impasukie.

“Nilimwambia mimi.”

“Ulimwambia nini?”

“Kwamba ulilala kwenye benchi la kurandia mbao, nje ya mlango, mvua inakupiga, mpaka dada Siti akarudi. Nilimwambia hivyo apate kujua mwanamume wa kweli ni mtu wa namna gani.”

Suleiman alivaa kofia yake. “Basi hakukuelewa,” akasema, akaenda zake.

Concepta aliomba ruhusa, akanyimwa, akaenda Jego hivyo hivyo.

Alimkuta Mwanasiti uani kwa kaka yake, anapeta mchele kwenye ungo. Kitoto kimoja kilikuwa kimelala mgongoni mwake.

“Hodi hapa.”

“Kari...” Mwanasiti akamwona. Ungo ukasimama hewani. “Wote wameshanijia, wewe ndiye uliyebaki.”

“Shikamoo, dada Siti.”

Hakuitikiwa. Aliendelea kusimama, viatu mkononi, kama mtu aliyekuja kuomba kazi.

“Umekuja kuniomba radhi au kunieleza?”

“Kukueleza. Radhi ni hiari yako.”

“Haya, eleza. Usinipambie.”

Akaeleza. Hakupamba. Alisema jinsi siku zile Suleiman alivyoutilia mlango komeo la ndani na kumwambia afunge mwenyewe. Kila asubuhi alikuwa akigonga dirishani na kuuliza kama maji yapo, kisha anaondoka bila kungoja jibu refu. Usiku mvua ilipozidi, Concepta alimwita aingie walau ukumbini, naye akajibu kutoka nje, “Lala, dada. Hapa pazuri.”

Mwanasiti aliuweka ungo chini.

“Niliporudi nilimkuta na kikohozi cha kumtoa roho. Nikamuuliza umepatwa na nini? Akasema vumbi la mbao.”

“Ilikuwa mvua.”

“Namchemshia tangawizi, nampaka mafuta kifuani, namwambia acha kuranda mvule, unakuua! Naye kimya, anakunywa tu.” Alicheka kidogo, na kicheko kikamgeukia kilio. “Mwanamume mjinga yule.”

“Atakuja kukuchukua ukimwita.”

“Hilo la kwangu na yeye nitalimaliza mwenyewe.” Akajifuta kwa ncha ya leso. “Sasa nikwambie kinachoniuma. Nilisimama mlangoni na mapanga mbele yangu. Nilikuwa na mimba ya huyu hapa mgongoni. Halafu huyo bwana ameandikaje? Nisomee.”

“Hakukuwa na mwanamke mwingine katika nyumba ile.”

Mwanasiti aliyarudia maneno hayo taratibu, kama anayeonja chumvi.

“Uzinduzi ni lini?”

“Jumamosi, alasiri.”

“Nitakuja nimtazame.”

Tobias alirudi Ijumaa na kitenge kipya cha Concepta cha kuvaa ukumbini. Concepta alimwambia amechoka, akalala kwa Rispah.

Jumamosi ukumbi ulifurika. Walikuwapo walimu, waandishi wa magazeti, wageni wa hoteli wasiojua Kiswahili, na vijana wa Ukunda waliofuata soda. Nakala za *Mateka wa Msambweni* zilipangwa juu ya meza. Jaladani kulikuwa na mwanamke aliyefungwa kamba na kivuli cha mwanamume mwenye nyundo. Concepta alikaa safu ya mbele, amevaa sare yake ya kazi.

Tobias alisoma kurasa mbili, akapigiwa makofi. Mwalimu mmoja akanyoosha mkono.

“Ndugu mwandishi, kisa hiki ni cha kubuni au kilitokea?”

Tobias alitabasamu. Huenda bila makofi yale angejibu vingine.

“Ni kisa cha kweli. Nimekipata kutoka kinywani mwa mhusika mwenyewe, na mwezi ujao mhusika huyo atakuwa mke wangu. Concepta, simama mpenzi wakuone!”

Concepta akasimama. Makofi yakarindima. Aliyangoja yaishe yote.

“Ni kweli, Consolata ni mimi,” akasema. “Nilifichwa Msambweni, katika nyumba ya fundi Suleiman. Mlango haukufungwa kwa nje. Komeo lilikuwa ndani na nililifunga mimi. Fundi hakuniingilia chumbani hata mara moja. Alilala nje akaugua kifua. Nilimsimulia Tobias hayo yote kwa sababu nilimpenda, naye akayageuza ili mtetemeke mnaposoma.”

“Konse, tafadhali,” Tobias alinong'ona, maikrofoni ikautangaza mnong'ono wake ukumbi mzima.

“Ameandika kwamba hakukuwa na mwanamke mwingine.”

“Mwanamke mwingine ni mimi!”

Sauti ilitoka mlangoni. Mwanasiti aliingia na baibui lake, mtoto mgongoni. Nyuma yake alikuwa Suleiman, kofia mkononi, anatazama sakafu kama aliyeitwa kurekebisha meza. Watu wakampisha njia. Mwanasiti alikwenda moja kwa moja mpaka mbele, akachukua nakala moja, akaitazama picha ya jaladani, kisha akamtazama Tobias.

“Huyu mwenye nyundo ndiye mume wangu?”

“Mama, ni... ni mhusika tu.”

“Mimi si mhusika?”

Tobias akaanza kukusanya karatasi zake.

“Nilikuwa na mwiko,” Mwanasiti aliwageukia watu. “Niliwaambia ana tetekuwanga. Wakaogopa upele, wao na mapanga yao!”

Kicheko kimoja kilianza nyuma, kikafuatwa na kingine, kisha mtu akaanza kupiga makofi ambayo hayakuwa ya Tobias. Mwandishi wa gazeti alikuwa ameshamfikia Suleiman, anamuuliza jina lake kamili. Mchapishaji akaanza kurudisha nakala katika katoni.

Tobias alimfuata Concepta mpaka penye lango la wafanyakazi, jasho limeloanisha kola.

“Nitakiandika upya. Konse, nisikilize! Toleo la pili nitamweka Mwanasiti.”

“Umweke wa nini? Yeye yupo.”

“Umeniua mbele ya watu.”

“Siku ile kwenye rafu ya vitabu, ulinikuta kwa bahati?”

Tobias alilegeza kola yake. Upepo ulikuwa unayumbisha minazi, na kutoka ukumbini watu walisikika wakiendelea kuzungumza.

“Mwanzo nilikuwa natafuta kisa,” akasema mwishowe. “Baadaye nikakupenda. Naapa, Konse. Vyote viwili ni kweli.”

“Nakuamini.”

“Basi...”

“Nakuamini, na matangazo ya ndoa nitamwambia padri ayasimamishe. Ulipoanza kunipenda ungeacha kuandika. Au ungeniuliza. Nililala kando yako kila siku, Tobias. Nilikuwa karibu.”

“Nikupe muda?”

“Nipe ufunguo wa chumba changu.”

Akautoa. Alitaka kumshika mkono pamoja na ufunguo, Concepta akaupokea kwa ncha za vidole, akavuka barabara.

Mwanasiti alikuwa anamngoja upande wa pili. Suleiman alikuwa ametangulia kidogo, sasa yeye ndiye amembeba mtoto, anamwonyesha gari linalopita.

“Unakwenda wapi?” Mwanasiti aliuliza.

“Sijui. Kazi nayo nadhani imekwisha.”

“Twende nyumbani.”

Walitembea bega kwa bega. Mbele kidogo Concepta alisimama, na machozi aliyoyazuia tangu ile siku ya gazeti yakamtoka yote, mbele ya wauza matunda na watalii.

“Nilimpenda, dada Siti. Bado nampenda.”

“Najua,” Mwanasiti alisema, akamfunika mabega kwa ncha ya baibui lake. “Ungekuwa humpendi usingemwambia habari zangu.”