Posa ya Pasiansi

“Nimeshaposa, Venant. Nakwambia wewe tu.”

Modesta alikuwa ameinua mkono wa simu ampigie mteja namba ya Bukoba. Hakujua kwamba bosi wake, Venant, yuko kwenye laini kule ofisini, nyuma ya ukuta wa mbao. Sauti aliyoisikia ilikuwa ya Luhaga, Luhaga wake. Badala ya kuirudisha simu akaziba pa kusemea kwa kiganja.

“Umeposa wapi?” Venant akauliza.

“Pasiansi. Mbichi bado, hakuna anayemjua. Wenzangu wanakimbilia majina makubwa, mimi nimemwona huyu kwenye vumbi huko nikasema, huyu wangu. Nikamfuata mpaka kwao nikapate uhakika.”

“Kwao wamekubali?”

“Mjomba wake kanikaribisha chai. Bwana, yule ametulia. Mwili anao, akili anayo. Ukimtazama anavyosimama tu, unajua.”

“Na Modesta?”

“Modesta asisikie kabisa. Hapo dukani kwako unapita mji mzima, akiropoka tu nimekwisha. Siku ikifika atajionea.”

Mteja, mama mmoja mwenye kikapu, akagonga meza kwa kidole.

“Dada, inaita?”

“Laini ina watu, mama. Subiri kidogo.”

Alisema hivyo kwa sauti ya kawaida kabisa. Hata yeye alijishangaa.

Ilikuwa mwaka elfu moja mia tisa tisini na nane, ule wakati ambao kila mwenye vyumba viwili katikati ya Mwanza alikuwa anafungua duka la simu na faksi. La Venant lilikuwa Nyamagana, jirani na benki. Modesta alikaa mbele na simu moja, Venant nyuma na nyingine, laini ile ile. Luhaga alikuwa kijana wa kiwanda cha minofu kule Igogo, anashinda kwenye barafu anakata sangara. Alikuwa amempenda Modesta tangu baba yake yu hai, na kila aliyewajua alishachoka kuuliza harusi lini. Mpole, mcheshi, mgonjwa wa mpira, na mzito wa mambo yake mwenyewe kama gunia la mchanga.

Mama wa kikapu alipoondoka, Modesta akaenda nyuma.

“Kaka Venant, nimesikia.”

“Umesikia nini?”

“Luhaga ameposa Pasiansi. Ni kweli au si kweli?”

Venant akavua miwani. Akaifuta kwa ncha ya tai, akaivaa, akaivua tena.

“Si umuulize mwenyewe?”

“Nakuuliza wewe. Ni rafiki yako.”

“Ni kweli,” Venant akasema. “Ameposa.”

Modesta akashika kitasa cha mlango.

“Pole, Modesta,” Venant akaongeza. “Pole sana.”

Mtu akishapewa pole, jamani, anaanza kulia. Akalia hapo hapo.

Lakini hakuwa mpumbavu. Jumamosi mchana alimfuata Luhaga kwenye mawe ya ufukweni pale Igogo, akamkuta anakausha mabuti yake juani.

“Luhaga, kuna jambo unanificha?”

Luhaga akacheka, kama mtoto aliyekutwa na sukari mdomoni.

“Venant kakwambia?”

“Ni kweli?”

“Ni kweli. Ila nakuomba, usimtaje kwa mtu. Watu wa mji huu wataniibia.”

“Wakuibie.”

“Wewe huwajui. Vumilia kidogo tu, utamwona. Utampenda mwenyewe.”

“Mimi nimpende?”

“Kwa nini usimpende? Nimehangaika na jua msimu mzima kumpata.”

Modesta alitazama ziwa. Kulikuwa na kina mama wanafua, povu linaelea mpaka kwenye magugu maji.

“Na mimi, Luhaga?”

“Wewe nini?”

“Mimi niko wapi kwenye hayo yote?”

Luhaga akamshangaa, mshangao wa kweli, wa mtu aliyeulizwa kama jua linatoka upande gani.

“Wewe si upo,” akasema.

Modesta akainuka, akakung'uta sketi, akaondoka. Nyuma alisikia anaitwa. Hakugeuka, kwa sababu uso wake haukuwa wa kuonyeshwa mtu.

Sasa, Venant hakuchelewa. Washenga wake walifika nyumbani kwa Mama Dorotea, mama yake Modesta, wamenyoosha mashati, wanaongea kwa adabu. Mama Dorotea alikuwa mjane wa mtu aliyepunguzwa kazi kiwandani akafa na uchungu wake. Akamwita binti jikoni.

“Mwanangu, hawa wametumwa na bosi wako. Niwaambie nini?”

“Waambie ndiyo.”

“Na yule wa samaki?”

“Ameshapata wake.”

“Wewe huyu wa leo unampenda?”

“Mama, nimechoka kupenda. Waambie ndiyo.”

Mama Dorotea akajifunga khanga vizuri akarudi sebuleni. Mahari ikapokelewa. Jumapili iliyofuata Padri akawatangaza mara ya kwanza, na Jumapili ya pili akawatangaza tena. Luhaga hakuwapo kanisani mara zote mbili. Jumapili zake siku hizo zilikuwa Pasiansi, na Modesta alijua, na kujua kwenyewe kulimchoma.

Jumatatu baada ya tangazo la pili Luhaga aliingia dukani na koti la kazini, ananuka kiwanda kizima. Wateja wakampisha.

“Naambiwa wamekutangaza.”

“Wamenitangaza.”

“Na Venant.”

“Na Venant.”

“Modesta, nimekukosea nini?”

“Unajua mwenyewe.”

“Sijui. Wallahi sijui. Ni kwa sababu nanuka samaki? Nitaacha ile kazi leo. Niambie nikuombe msamaha wa nini, nikuombe.”

Modesta alitamani kumwambia jina la mahali lile, Pasiansi, alitupe mezani walione wote. Ila alijiapia kwamba hatamwonyesha mwanaume yule wivu wake.

“Pita pembeni, kaka. Kuna wateja.”

Venant akachungulia mlangoni.

“Luhaga, rafiki yangu, usifanye fujo dukani kwangu.”

“Sifanyi fujo, Venant. Nauliza tu.”

“Basi umejibiwa.”

Luhaga akatoka. Usiku Modesta hakulala, na usiku uliofuata pia. Chakula kilimshinda. Nguo ya harusi ilipoletwa kupimwa, fundi alilalamika kwamba inabidi aipunguze tena.

Ijumaa akaingia kijana mmoja mrefu, miguu imejaa makovu, akaomba simu ya Musoma. Modesta akamuuliza jina.

“Okomo.”

“Unatoka wapi?”

“Pasiansi.”

Kalamu ikasita. Akampigia namba, akampa mkono wa simu, akajifanya anapanga karatasi za faksi.

“Haloo, Odoyo? Ndugu yangu, habari njema. Nimesajiliwa, Jumapili ufunguzi wa ligi nacheza. Tena nimeposwa.” Akacheka mpaka akainama. “Nakwambia nimeposwa, mimi huyu. Na jamaa wa kiwanda cha minofu. Si unamkumbuka yule aliyekuja kwa mjomba? Luhaga, ndiyo huyo.”

Karatasi zikamdondoka Modesta. Kijana alipoweka simu, alimkuta dada wa dukani kasimama, kashika ukingo wa meza kwa mikono miwili.

“Umesema nani kakuposa?”

“Luhaga.” Okomo akaona haya. “Dada, ni mchezo tu. Kwani huujui?”

“Niambie.”

“Wale wa kiwandani wana ligi yao ya mezani. Kila mtu anaunda timu kichwani kwake, anachagua wachezaji kutoka timu zote za mji. Mchezaji wako akifanya vizuri uwanjani, wewe unapata alama. Ukimwahi mtu kabla ya wenzako, wanasema umemposa. Mahari ni kreti la soda.”

“Na Luhaga?”

“Wenzake wanaposa wafunga magoli. Yeye anatafuta mabeki, tena wachanga, ambao hata redio haijawahi kuwataja. Alinikuta nacheza peku kwenye kiwanja cha shule. Alikuja Jumapili baada ya Jumapili, anakaa juani, haniangalii nikiwa na mpira. Ananiangalia nikiwa sina. Akaja mpaka kwa mjomba kuhakikisha sihamii mji mwingine. Anasema jina langu lisijulikane kabla ya ufunguzi, wasije wakamwahi.”

Modesta akainama akaziokota karatasi.

“Kaka Venant anaujua mchezo huo?”

“Mwenye duka? Yeye ndiye anayewahesabia alama.”

Modesta aliingia nyuma bila kubisha hodi.

“Ameposa beki,” akasema.

Venant hakujifanya haelewi, hilo tumpe.

“Nani kakwambia?”

“Aliyeposwa.”

“Modesta, kaa chini. Mimi sikukudanganya. Uliniuliza kama ameposa, nikasema ameposa. Neno gani la uongo nililosema?”

“Hakuna.”

“Basi.”

“Ila ulinipa pole. Ulinipa pole ya nini, Venant?”

Venant akasogeza simu upande mmoja wa meza, akairudisha ilipokuwa.

“Nimekupenda tangu siku ya kwanza unaingia hapa,” akasema mwishowe. “Yeye alikuwa na wewe na hakuoni. Anajua mguu wa kila mvulana wa Mwanza, wewe hakuoni. Hilo nalo ni uongo wangu?”

Na hapo ndipo palipomuuma, kwa sababu halikuwa uongo. Modesta akachukua mkoba wake akaondoka. Hakurudi tena kwenye lile duka.

Alikwenda kiwandani. Mlinzi akamwambia Luhaga ameomba ruhusa. Akaenda chumbani kwake, Igogo juu kwenye mawe. Jirani akamwambia katoka na begi asubuhi, hakuaga. Akarudi nyumbani miguu imevimba, akamweleza mama yake yote tangu mwanzo.

“Kwa hiyo hakuposa mtu,” Mama Dorotea akasema.

“Hakuposa mtu. Hata mimi hakuniposa.”

“Na sasa hujui aliko.”

“Sijui.”

“Na mahari ya watu iko ndani. Keshokutwa ni tangazo la tatu. Modesta, unataka nifanye nini? Niwe kichekesho cha parokia nzima kwa ajili ya mtu aliyebeba begi?”

“Sijasema ufanye kitu, mama.”

“Kaolewe, mwanangu. Utamzoea.”

Usiku Modesta alilala chali anahesabu mabati.

Jumapili kanisa lilijaa mpaka mlangoni. Venant alikaa upande wa wanaume, suti ya kijivu, hageuki. Baada ya sala, Padri akashika karatasi ya matangazo.

“Kwa mara ya tatu na ya mwisho, wanaotarajia kufunga ndoa takatifu ni Venant na Modesta, binti wa Dorotea wa Igogo. Mwenye kujua kizuizi anawajibika kukitaja.”

Watu wakakohoa, kama kawaida ya watu. Padri alikuwa ameshaanza kugeuza karatasi.

“Ninacho kizuizi, Padri.”

Padri akainua miwani.

“Wewe ni nani?”

“Ni mimi huyo Modesta.”

Kanisa lote likageuka. Mama Dorotea akajifunika uso kwa khanga.

“Kizuizi chako ni nini, binti?”

“Simpendi, Padri. Nilikubali kwa hasira. Simpendi.”

Hakuwa na mtu wa kumkimbilia. Hakuwa na kazi, wala hakujua kama Luhaga yuko Shinyanga au kapanda meli. Alisimama peke yake, na Padri akamwambia kwa upole aje ofisini baada ya misa.

Alipotoka, watu walimpisha njia kama mgonjwa wa kuambukiza. Nje, kwenye ukuta, alikuwa amekaa mtu na begi miguuni. Macho mekundu.

“Nilisikia yote,” Luhaga akasema, akainuka.

“Ulikuwa unafanya nini hapa?”

“Nilikuja nisikie mpaka mwisho. Nilisema wakishamaliza nitapanda basi, moyo utakuwa umekata tamaa. Nilitaka kusimama mimi, Modesta. Nilishika benchi, miguu ikakataa.”

“Umezoea kukaa pembeni unatazama.”

“Ndiyo.”

“Nilidhani umeposa msichana, Luhaga. Pasiansi. Niliwasikia kwenye simu.”

Ilimchukua muda kuelewa. Alipoelewa alikaa tena ukutani, mikono kichwani, analia waziwazi mbele ya waumini.

“Yule ni beki,” alikuwa anasema. “Modesta, yule ni beki wa kushoto.”

“Najua. Nilimwunganishia simu mwenyewe. Nikakuuliza mimi niko wapi, ukanijibu wewe si upo. Beki umemfuata mpaka kwao. Kwangu hujawahi kufika na hata kilo ya sukari.”

“Nitafika.”

“Leo ufunguzi. Nenda ukamwangalie mtu wako.”

“Siendi.”

Na hakwenda. Wenzake walisema baadaye kwamba Okomo alicheza siku ile mpaka watu wakaulizana huyu katoka wapi.

Mahari ya Venant ilirudishwa yote, na Mama Dorotea alikaa wiki nyingi hasemi na binti yake zaidi ya salamu. Ilikuwa nyumba ngumu. Halafu alasiri moja pakapigwa hodi. Alikuwa mzee Chenge wa chumba cha barafu kiwandani, na nyuma yake wanaume wa ile meza ya mpira, wamenawa mpaka viwiko lakini harufu ya kazi haijaisha. Luhaga kabaki mlangoni, kama bwana harusi anavyotakiwa, kimya.

“Shikamoo, mama,” wale vijana wakasema.

“Marahaba. Karibuni. Mmekuja na shida gani?”

Mzee Chenge akakohoa. “Mama, tumekuja kuposa.”

“Kuposa nani?”

“Huyu huyu binti yako.”

“Sitaki kusikia ‘huyu binti yako’,” Mama Dorotea akasema. “Nimeshaumia na maneno ya nusu nusu. Nataka jina. Mtu anayeposwa nyumba hii atajwe.”

Mzee Chenge akafungua mdomo ajibu, lakini sauti ikatoka mlangoni, kubwa kuliko chumba chenyewe, mpaka majirani wakaacha kutwanga.

“Modesta. Namposa Modesta.”

Nyuma ya pazia la jikoni, Modesta alikuwa ameshika sufuria ya chai kwa nguvu ya bure.

“Nimesikia,” akajibu.

Kisha akaketi kwenye kigoda, akalia mpaka chai ikapoa.