Mboga Kwenye Koti la Mwalimu Mkuu

Kila siku saa saba mchana Sindano alirudi kutoka shule akiwa na njaa ya kula hata daftari, na kila siku saa saba na robo njaa hiyo ilimtoka ghafla. Hakuwa mgonjwa. Ilikuwa tu ni saa ya mboga za Shangazi.

Jina la Sindano alibandikwa na baba yake, fundi cherehani, kwa sababu alikuwa mwembamba na maneno yake yalichoma. Baba alishonea katika chumba cha mbele cha nyumba yao. Humo mlikuwa na cherehani mbili, pasi iliyoungua mpini, nguo za wateja zilizotundikwa ukutani, na meza ndefu ya kukatia vitambaa. Mchana meza hiyo ilifutwa chaki, ikatandikwa magazeti, ikawa meza ya chakula. Mama yake Sindano alikuwa muuguzi na alikula huko huko kazini. Sindano alimwonea wivu kwelikweli.

Mpishi alikuwa Shangazi, dada mkubwa wa baba. Alikuwa amepika katika jiko la hospitali kwa miaka ishirini, na huko alizoea kuwapikia watu wasio na nguvu za kutafuna. Mboga za majani ziliingia kwenye sufuria yake zikiwa kijani kibichi, zikatoka baada ya saa nzima zikiwa na rangi ya maji ya kudekia. Tena zilikuwa chungu. Lakini nani angethubutu kusema? Shangazi alikaa kwenye kigoda mlangoni, mikono kifuani, akilinda sahani kama askari wa benki.

"Sahani isibaki na kitu," alisema. "Mboga ni damu, mboga ni macho, mboga ni akili!"

"Dada, mkono wako huo!" baba alisifu kila siku, sahani yake ikiwa nyeupe kabla ya za wenzake. "Mpishi kama wewe hajazaliwa."

Shangazi alifurahi, na kesho yake akawaongezea.

Sindano alishindwa kumwelewa baba yake. Sindano mwenyewe alikuwa na njia yake. Shangazi alipoinuka kwenda kuleta maji ya kunywa, Sindano alizikamua mboga haraka haraka, akazifunga kwenye kipande cha kitambaa, akazisukuma chini kabisa ya gunia la vipande lililokaa kando ya meza. Shangazi aliporudi, sahani ilikuwa safi na Sindano alikuwa anatafuna hewa.

Lakini siku za mwizi ni arobaini. Alhamisi moja Sindano alipeleka mkono palipokaa gunia, akagusa sakafu. Mtengeneza mito alikuwa amepita asubuhi kuchukua vipande vyote, gunia na vilivyomo. Sindano alikuwa na mboga mkononi, zimefungwa kwenye kipande cheupe cha bitana, na ndara za Shangazi zilikuwa zinakuja, pwata, pwata, pwata. Mbele ya pua yake lilining'inia koti jipya la bluu, la suti ya Mwalimu Mkuu wa shule yao. Akakitumbukiza kile kifurushi kwenye mfuko wa kulia.

"Nikimaliza kuosha vyombo nitakitoa," alijiambia.

Alipomaliza kuosha vyombo, msumari ulikuwa mtupu.

"Koti la Mwalimu Mkuu liko wapi?" Si Sindano aliyeuliza. Alikuwa baba, aliyekuwa ametoka mara moja kununua uzi na sasa alisimama mlangoni kama mtu aliyekuta nyumba yake imevunjwa.

"Amepita mwenyewe kulichukua, Fundi," alijibu Mama Vifungo bila kuinua macho kwenye kazi yake. Huyu alikuwa mama mtu mzima aliyeshona vifungo na pindo kwa mkono, na chakula chake alikuja nacho kutoka kwake, kwenye bakuli lenye mfuniko. "Nilikuwa nakula. Nikaacha, nikalikunja, nikampa. Amefurahi sana. Kesho anapokea mgeni."

Baba akautazama ule msumari. Sindano naye akautazama.

Kesho yake shule nzima ilipangwa uwanjani. Mgeni alikuwa mkaguzi wa elimu, mama mmoja mwenye miwani na kalamu isiyopumzika. Mwalimu Mkuu alipanda jukwaani katika suti yake ya bluu, akapendeza hasa. Sindano, aliyekuwa mstari wa pili, alijikunyata nyuma ya mwenzake wa mbele.

"Leo nitazungumzia usafi!" Mwalimu Mkuu alinguruma. "Mtu nadhifu hajulikani kwa viatu. Hajulikani kwa nywele. Anajulikana kwa mifuko yake! Juzi nimekuta mwanafunzi ana mfupa mfukoni. Mwingine ana mjusi! Nasema na narudia: mfuko si jaa la taka!"

Jua lilikuwa kali. Mwalimu Mkuu akatia mkono kwenye mfuko wa kulia, akatoa kitu cheupe alichodhani ni leso, akajifuta uso mzima kuanzia kipaji hadi kidevu.

Jani moja refu lilikuwa limelala juu ya nyusi zake, na maji ya kijani yalikuwa yanateremka shavuni. Mkaguzi aliacha kuandika.

Mwalimu Mkuu alikitazama kile kitambaa, akakihamishia kwenye kiganja kingine, kisha kwa haraka akatia mkono kwenye mfuko wa kushoto atafute cha kujifutia. Akatoa kifurushi kingine, hiki cha kitambaa cha mistari. Akakifungua taratibu. Mboga tena!

Wanafunzi mia nne walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Hata mkaguzi alivua miwani akawa anaifuta bila sababu. Sindano peke yake hakucheka. Kichwa chake kilikuwa kinafanya hesabu isiyotoka. Yeye alikuwa ameweka kifurushi kimoja tu.

Jioni Mwalimu Mkuu aliingia kwa fundi bila kubisha hodi. Akaweka bahasha juu ya meza ya kukatia, akavitoa vifurushi viwili, akavipanga.

"Shikamoo, Mwalimu," Sindano alisema kwa sauti ndogo.

"Marahaba. Fundi, mimi nililipia suti. Sikulipia mboga."

"Mwalimu, kwa kweli..." baba alianza, kisha akakohoa.

"Nimefedheheka mbele ya mkaguzi! Sasa sikiliza. Jana nilipokuja, aliyenikabidhi koti ni huyu mama, na nilimkuta anakula nini? Mboga! Sina haja ya kwenda kwa mganga. Ama aliyefanya mchezo huu anaondoka hapa, ama sare za shule yangu muhula ujao zitashonwa kwingine."

Baba alikohoa tena. Futi yake ya kupimia ilikuwa shingoni. Akaishusha, akaanza kuikunja, akaikunjua, akaikunja upya.

Mama Vifungo naye hakugombana. "Mimi sijaweka kitu kwenye mfuko wa mtu," alisema. "Vifungo hivi ndivyo vilivyosomesha wanangu, nitavifanyiaje mchezo? Lakini Fundi, kama sare zitapotea kwa ajili yangu, basi mimi nitakwenda." Akavua kastabini, ile kofia ndogo ya chuma aliyovaa kidoleni asichomwe na sindano, akaiweka mezani. Ilitoa mlio mdogo tu. Kidole chake bila kastabini kilikuwa na alama ya duara iliyobonyea, ya miaka mingi.

Sindano aliiona ile alama, na aibu ikamkaba kuliko mboga yoyote aliyowahi kumeza.

"Ni mimi!" alisema, na machozi yakatangulia maneno. "Mama Vifungo hajui chochote. Nilificha mboga ili nisile. Nilitaka kuzitoa, nikachelewa. Nisamehe, Mama Vifungo. Nisamehe, Mwalimu. Lakini..." akanyoosha kidole, "changu ni hicho cheupe. Hicho cha mistari sikijui."

"Hukijui?" Mwalimu Mkuu akauliza. "Mboga zina miguu?"

Baba alikuwa ameikunja futi mpaka haikunjiki tena.

"Cha mistari ni changu. Na mimi jana sikulikuta gunia la vipande," alisema hatimaye.

"Chako?" Sauti hiyo ilitoka mlangoni. Shangazi alikuwa amesimama na sinia la chai, na haikujulikana alianza kusikia tangu lini. "Wewe, mdogo wangu? Wewe unayesema mpishi kama mimi hajazaliwa?"

"Dada, nisamehe. Nilipokuwa shule ya bweni tulikula kabichi ya kuchemshwa kila siku ya Mungu, na wadudu wake. Mpaka leo nikinusa mboga zilizochemka sana, tumbo linafunga mlango."

"Sasa kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuogopa."

Sindano alimkodolea macho baba yake. Mtu mwenye mvi, mwenye duka, anamwogopa mtu kwa sababu ya mboga! Alimwonea huruma, na papo hapo akajiona si mwoga peke yake duniani.

"Kumbe!" Shangazi alitua sinia kwa kishindo. "Miaka mitatu unasifu, mimi naongeza. Unasifu, naongeza! Ungenung'unika siku moja tu, ningepunguza. Mimi napika hivyo kwa sababu hii hapa." Akafungua kinywa wazi, akaonyesha ufizi. Meno ya nyuma hayakuwepo hata moja. "Mboga ngumu siziwezi. Nikadhani na nyinyi mnazipenda laini."

Wa kwanza kucheka alikuwa Mama Vifungo. Alicheka huku akifuta machozi, na kicheko chake kikamshika Shangazi, kikamfikia baba, mpaka Mwalimu Mkuu mwenyewe akageukia ukutani mabega yakimtikisika.

"Haya, tuseme kweli," Mwalimu Mkuu alisema alipopata pumzi, akavuta kiti. "Ndimi hazifanani. Kuna watu uchungu kidogo tu wa jani unawakera, wengine hata hawausikii, na watoto wengi huusikia zaidi ya wakubwa. Mwingine hachukii mboga, anachukia namna zilivyopikwa, au anakumbuka alivyolazimishwa. Mimi bamia siigusi. Inateleza kabla sijaamua! Lakini ulimi unafundishika. Kitu ukikionja kidogo kidogo, leo na kesho na kesho kutwa, mara nyingi hukizoea. Na mwili unazihitaji mboga, upende usipende."

Mama Vifungo akafungua bakuli lake. "Mimi nilikulia kwenye bustani ya mama yangu, mboga nilizichuma mwenyewe, ndiyo maana nazipenda. Naziweka motoni dakika chache tu, na kitunguu na nyanya. Onja, mwanangu."

Watu wanne walimtazama Sindano mdomoni. Akatafuna. Akameza.

"Sema kweli," Shangazi alimwonya.

"Bado ni chungu kidogo," Sindano alisema. "Sijazipenda. Lakini naweza kuzila."

"Hilo ndilo jibu safi kuliko yote niliyosikia leo," alisema Mwalimu Mkuu.

Baba aliichukua kastabini mezani, akampa Mama Vifungo kwa mikono miwili. "Nisamehe," alimwambia. "Mtoto amesema nikiwa nimenyamaza. Nimeona haya." Mama Vifungo akaivaa, akachukua sindano yake, akaendelea na kifungo pale alipoishia. Jioni hiyo hiyo Sindano na baba yake walilisafisha koti pamoja, bega kwa bega, wakalipiga pasi.

Tangu siku hiyo jikoni mna sufuria mbili, moja laini ya Shangazi, nyingine ya dakika chache, na kila anayekula huruhusiwa kusema. Karoti mbichi Sindano amezipenda mwenyewe. Spinachi anakula vijiko vitatu, wala havifichi. Baba bado haiwezi kabichi, lakini sasa anasema, "Dada, leo imenishinda," na mbingu hazijaanguka.

"Ulimi una kazi mbili," Shangazi huwaambia, akiwa palepale kwenye kigoda chake. "Kuonja na kusema. Kitu kikikushinda kwa kazi ya kwanza, tumia ya pili. Ukinyamaza ukaficha, mzigo wako ataubeba mtu asiye na kosa."

Sare za muhula mpya zilishonwa kwa baba, kama kawaida. Mwalimu Mkuu alibadilisha jambo moja tu: mifuko yote iwe midogo, isiingie zaidi ya vidole viwili. Shule nzima ililalamika muhula mzima na kuuliza ni nani aliyewaponza. Wiki ya kwanza Sindano alinyamaza. Wiki ya pili akakumbuka ulimi una kazi ngapi, akainua mkono.