Kikaratasi cha Mama Mkwe

Asubuhi nyumbani kwetu huanza na tortila, chapati za mahindi. Mama mkwe wangu, Crescencia, huzigeuza kwa vidole vitupu huku mimi nikimsuka nywele binti yangu, Itandehui. Mume wangu, Fidencio, anakuwa ameshakwenda kuchuma stroberi. Kisha namshika mtoto mkono, tunatoka. Shule tunaiona pale pale, ng'ambo ya barabara. Lakini barabara hiyo ni ya malori.

Mwezi wa pili, lori moja lilipita karibu sana likachana begi la Itandehui mgongoni. Mtoto alikuwa mzima. Mimi nilikaa vumbini nikamkumbatia.

Basi watu wa mtaa tukakubaliana kwenda baraza la mji kuomba taa za kuvukia. Sote tumetoka milima ya Oaxaca, kule Meksiko, tukavuka mpaka wa kaskazini kuja kufanya kazi mashambani, na lugha yetu ni Kimixteko. Tulikwenda watu ishirini, tumevaa nguo safi. Kijijini kwetu mkutano una adabu yake. Mwenye fimbo ya uongozi anakutazama, anakuita, ndipo unasimama. Kwa hiyo tulikaa tukangoja kuitwa. Mwenyekiti alisoma, akauliza ukumbi mzima bila kumtazama mtu, akafunua karatasi nyingine. Mara watu wakaanza kuondoka. Suala la taa liliwekwa kando, kwa kuwa hakuna aliyelisemea.

Kesho yake shambani msimamizi, Rutilio, alicheka sana. Naye ni Mmeksiko, ila wa kaskazini, mweupe, na hapendi tusahau hilo. "Nyie wafupi wa milimani," alimwambia Fidencio, "mlikwenda kutazama sinema?"

Fidencio alirudi nyumbani akasema hakanyagi tena pale barazani. Labda si mahali pa watu kama sisi, na wengine hatuna hata karatasi za ukaazi.

Jioni ile alikuja Maribel Otero. Maribel ni mtafiti wa chuo kikuu. Kazi yake ni kukaa na watu, kuwasikiliza, na kuandika jinsi wanavyoishi na wanavyoongozwa. Kwao ni Puerto Riko. Ni mweusi, na mwanzoni majirani walishangaa kumsikia akisema Kihispania kuwashinda. Mama mkwe alimwekea bakuli la maharage kabla hajauliza lolote.

"Andika, dada," Fidencio alimwambia. "Walikwenda, wakakaa kama magunia."

"Nimeandika tofauti, kaka," alijibu.

Akatueleza kwamba kwa miaka miwili amehudhuria vikao vyote vya baraza lile. Wajumbe walikuwa wakimwambia kwamba mtaa wetu haujali. Safari hii aliona kwa macho yake watu ishirini wakingoja kwa heshima, na mle ndani hakuna aliyejua kuwa ile ni heshima.

"Wao waliona mmenyamaza, wakadhani mmeridhika," alisema. "Ninyi mliona hamuitwi, mkadhani hamtakiwi."

Sikuamini kwamba ukuta mkubwa hivyo ulijengwa kwa kitu kidogo hivyo.

Maribel akatoa kikaratasi. Unakijaza, unampa karani kabla kikao hakijaanza, nawe utaitwa. Unapewa dakika chache. Ukitaka mkalimani, unaiarifu ofisi siku kadhaa kabla.

Mama mkwe aliacha kukanda unga. "Wataniuliza karatasi zangu?"

"Hapana, mama. Kupiga kura ni kwa raia. Kusema mbele ya baraza ni kwa kila mtu."

"Na mwanamke?"

Fidencio aliinamisha uso. Miaka arobaini mama yake aliwapikia wanaume wa mkutano kijijini, na hakuwahi kusema neno mkutanoni.

"Hata mwanamke," alisema Maribel.

Kikaratasi nilikijaza mimi, kwa herufi nilizojifunza darasa la jioni. Mwezi uliofuata jina la mama mkwe likaitwa. Alikwenda taratibu, na kipaza sauti kikashushwa mpaka kifuani pake. Kisha Kimixteko kikajaa ukumbi mzima. Lugha tuliyozoea kuisema kwa minong'ono madukani, ili tusichekwe, ilitoka kwenye spika za juu darini kama sauti ya mvua.

"Nimezaa sita, nimezika wawili," alisema. "Stroberi zenu tunazichuma sisi. Sitaki kuzika mjukuu kwa sababu ya lori linalozibeba."

Mkalimani alitafsiri hadi mwisho. Mwenyekiti aliandika kitu, akamshukuru.

Tulirudi vikao viwili zaidi, na vikaratasi kila mara. Katika kikao cha mwisho Fidencio alijaza kikaratasi chake mwenyewe. Siku hiyo baraza likapitisha taa.

Leo asubuhi Itandehui alibonyeza kitufe cha pale nguzoni. Taa nyekundu ikawaka. Lori la stroberi, refu kuliko nyumba yetu, likapiga breki, likatulia kabisa, likimngoja mtoto wa miaka sita amalize kuvuka.