Kiboko Mwenye Kiu

Kila siku saa tisa alasiri, vyombo vya chakula cha mchana vikishaoshwa, Nihal na mdogo wake Shadi walitandika mkeka kwenye roshani ya nyumba yao, ghorofa ya tatu, nyuma ya soko la samaki la Port Said. Chini baiskeli zilipiga kengele, na mwanamke wa ghorofa ya pili aligombana na paka wale wale wa jana. Nihal alikuwa na miaka kumi na mitatu, Shadi kumi na mmoja. Katikati yao palikuwa na kadi arobaini.

Zilikuwa kadi za mchezo wa Mbuga na Chemchemi. Katika mchezo huo kila mtu hujitengenezea seti yake ya kadi arobaini, akichagua mwenyewe wanyama anaowataka. Lakini mnyama haingii mbugani kabla ya kunywa maji, na maji hutoka kwenye kadi za chemchemi; chemchemi ikishanywewa hukauka. Bata anatosheka na chemchemi moja. Tembo anadai tano. Mnyama anayemfikia mpinzani humzimia taa. Kila mchezaji ana taa kumi, na zikizimika zote ameshindwa. Wao, badala ya taa, walitumia vizibo vya soda.

Nihal na Shadi walimiliki seti moja kwa pamoja, na hapo ndipo kelele zilipoanzia. Shadi aliamini kwamba mnyama mwenye pembe mbili ni bora kuliko mwenye pembe moja, na asiye na pembe kabisa hana kazi. Nihal alipenda wanyama wadogo wenye mbio. Aliyempenda kuliko wote ni Sungura Mwenye Miwani, kadi yake ya kwanza, aliyoletewa na baba yake hospitalini siku alipotolewa mafindofindo. Kona moja ya kadi hiyo ilikuwa na doa la chai ya baba.

Ijumaa mchana walikwenda kucheza katika duka la Bi Sawsan. Mbele aliuza madaftari, rula na gundi. Nyuma aliweka meza moja ya watoto. Yeye mwenyewe hakucheza, lakini miwani yake ilikuwa na kamba shingoni, na akiivaa hakuna lililompita.

Kwenye meza hiyo Nihal na Shadi walikuwa wamefungwa Ijumaa tano mfululizo na mvulana mmoja, Karas, mtoto wa muuza keki. Seti ya Karas haikuwa na mnyama hata mmoja wa kutisha. Mabata, paka, punda. Lakini mabata hao waliingia mapema na kudonoa taa, huku tembo wa Shadi bado anangoja maji.

Ijumaa ya tano, Bi Sawsan alivaa miwani.

"Sikilizeni. Ijumaa ijayo mtacheza raundi tatu. Atakayeshinda mbili ndiye atakayevuka mfereji kwenda Port Fouad kucheza na watoto wa duka la kule. Mwaka jana nilipeleka mtoto akalia mpaka kivuko kikachelewa. Mwaka huu sitaki machozi."

Jumamosi, Nihal na Shadi walimwaga kadi zao zote mkekani. Walibishana mpaka mama akafunga dirisha la jikoni. Mwishowe walikubaliana: chemchemi kumi na sita, wanyama ishirini na wanne, wakubwa wachache, wadogo wengi. Walicheza wao kwa wao mara sita, na mara zote wanyama waliingia mbugani bila shida. Nihal akaandika orodha nyuma ya daftari la jiografia, wote wawili wakatia sahihi.

"Hakuna kubadilisha kadi bila mwenzako kujua," alisema Nihal.

"Hata moja," alijibu Shadi.

Jumatatu, wakati wa mapumziko shuleni, Karas alimwonyesha Shadi kadi mpya. Alikuwa Kiboko Mwenye Ndevu. Mdomo wake ulikuwa wazi kiasi kwamba meno yalitoka nje ya picha. Alihitaji chemchemi sita, lakini kwa pigo moja alizima taa tano.

Shadi alimeza mate. "Unataka nini?"

"Mimi kwangu hafai, ni mzito," alisema Karas. "Nipe yule sungura wenu wa miwani, anaingia kwa chemchemi moja."

Shadi alifikiri kidogo, kidogo sana. Sungura hana pembe. Halafu dada alikuwa na sungura wengine wawili. Jioni ile Sungura Mwenye Miwani alikuwa mfukoni mwa Karas, na kiboko alikuwa ndani ya seti. Na kwa kuwa Shadi aliona kiboko peke yake angejihisi mpweke, alimwekea vifaru wawili wa kumsindikiza. Ili kadi zibaki arobaini alitoa chemchemi mbili. Nani atagundua?

Jumanne, Nihal alipewa mwewe wawili na rafiki yake. "Chemchemi kumi na sita," Nihal alijisemea, "zikibaki kumi na nne kuna ubaya gani?" Hakuhesabu. Alisikia hatua za Shadi kwenye ngazi, akawachomeka mwewe haraka, akatoa chemchemi mbili na kuzisukuma chini ya mto.

Jumatano Shadi aliongeza tembo. Alhamisi asubuhi Nihal aliongeza mbweha wawili. Alhamisi jioni Shadi aliongeza nyati wawili, akalala usingizi mtamu.

"Hujagusa seti, eti?" Nihal alimwuliza.

"Mimi? Hata kidole. Wewe je?"

"Nani, mimi?"

Wiki nzima hawakufanya mazoezi, maana kila mmoja aliogopa mwenzake angeona kadi ngeni. Shadi alisema tumbo linauma. Nihal alisema ana kazi nyingi ya sayansi. Mama yao akatoa kichwa dirishani na kushangaa. "Roshani iko kimya siku tatu! Mnaumwa, au mmevunja kitu changu?"

Ijumaa baada ya kula wali na samaki walikwenda dukani. Karas alikuwa amekwisha kaa, anatafuna mbegu za alizeti. Nihal alishika kadi, Shadi akasimama begani kwake kumnong'oneza. Wakavuta kadi saba za kuanzia.

Tembo. Kifaru. Kifaru. Nyati. Mwewe. Mwewe. Na mmoja mwenye mdomo wazi.

"Huyu nani?" Nihal alinong'ona.

"Ni… mgeni," alisema Shadi. "Na hawa mwewe?"

"Nao ni wageni."

Hapakuwa na chemchemi hata moja. Karas aliweka chemchemi, akaingiza bata. Nihal alivuta kadi: tembo wa pili. Bata akadonoa taa. Nihal alivuta tena: nyati. Bata akadonoa. Akaja bata wa pili, wakawa wanadonoa kwa zamu.

"Mbona hamwawekei wanyama wenu maji?" Karas aliuliza. "Mnawafungisha saumu?"

"Cheza mchezo wako," alisema Shadi, jasho likimtiririka.

Walipopata chemchemi ya kwanza walikuwa wamebakiwa na taa tatu. Karas akachagua kadi mkononi mwake, akaiweka mezani kwa madaha. "Na sasa, Sungura Mwenye Miwani!"

Nihal alitabasamu. "Kumbe na wewe unaye? Mimi pia nina…" Akaisogelea kadi. Kwenye kona ya kadi kulikuwa na doa la chai.

Aliigeuza seti yake yote mezani, akatafuta mara moja, akatafuta mara ya pili. Kisha akamgeukia Shadi polepole. Shadi alikuwa anaisoma dari ya duka kana kwamba imeandikwa.

"Shadi. Sungura wangu yuko wapi?"

"Shadi alibadilishana na mimi Jumatatu," alisema Karas, mbegu ikiwa imekwama shavuni. "Kwa kiboko. Wallahi sikujua ni wa kwako. Hilo doa nilidhani ni mkia."

"Umemtoa sungura wa baba!" Nihal alisimama, kiti kikaanguka. "Kwa hili dubwana lenye ndevu!"

"Na wewe mwewe wako wametoka wapi? Tulitia sahihi!"

"Mwewe ni wangu! Sungura alikuwa wako?"

Mteja aliyekuja kununua gundi aliisahau gundi. Bi Sawsan alimpa chenji, akavaa miwani, akaja mezani. Alizipanga kadi arobaini kwa safu, wanyama huku, chemchemi kule.

"Saba," alisema. "Wanyama thelathini na watatu wanakunywa kwenye chemchemi saba. Mlianza na ngapi?"

"Kumi na sita," walijibu kwa pamoja.

"Nihal, umetoa ngapi?"

"Mbili tu."

Bi Sawsan alimtazama juu ya miwani.

"Mbili Jumanne," alisema Nihal kwa sauti ndogo. "Na mbili Alhamisi."

"Shadi?"

"Mbili."

"Za siku gani?"

"Jumatatu. Halafu moja. Halafu…" Shadi alikuna sikio. "Halafu zile nyingine mbili."

Karas alicheka mpaka kwikwi ikamshika, akalazimika kunywa maji. Lakini Nihal hakucheka. Alikuwa ameshika kingo za meza na machozi yamemlengalenga. Shadi alimwona, na ghafla kiboko hakuonekana mzuri tena. Alikumbuka dada yake akirudi kutoka hospitali, hawezi kusema, na kadi ile mkononi kutwa.

"Karas," alisema, "nirudishie sungura. Chukua kiboko wako."

"Haya," alisema Karas. "Ila raundi hii nimeshinda."

"Umeshinda," alisema Shadi. Akamtoa kiboko kwa vidole viwili, kama mtu anayejing'oa jino, akampokea sungura, akamwekea dada yake mkononi. "Nimekosa, dada. Sikukuuliza kwa sababu nilijua utakataa."

Nihal aliifuta kadi kwa mkono wa gauni. "Ningekataa, ndiyo," alisema. "Na mimi nilikudanganya. Mara mbili."

"Hii ni meza ya kirafiki," alisema Bi Sawsan. "Kati ya raundi na raundi mnaruhusiwa kurekebisha seti, ila juu ya meza, watu wote wakiona. Chemchemi za kuazima ziko kwenye boksi lile la viatu. Mna dakika kumi, nina wateja."

Walitoa wanyama tisa wakarudisha chemchemi tisa, na safari hii kila kadi ilipita mikononi mwa wote wawili. Mwewe walitoka. Vifaru walitoka. Tembo mgeni alitoka. Shadi alipomshika nyati wa mwisho, alimgeuza mara mbili bila kumweka chini.

"Huyo mwache," alisema Nihal. "Tukiwa na wadogo tu, Karas atatuzidi mwishoni. Nitatoa swala wangu."

Raundi ya pili maji yalipatikana tangu mwanzo. Wadogo waliwazuia mabata, nyati akaingia kwa wakati wake, na Karas akazimiwa taa zote kumi akiwa bado anasema ngoja kwanza.

Kabla ya raundi ya tatu Karas aligeuza kiboko huku na huku. "Kwa kuwa nimerudishiwa, ngoja nimtumie," alisema, akamweka mahali pa bata mmoja. Hakuna aliyemkataza. Lakini seti ya Karas ilikuwa ya wanyama wadogo na chemchemi kumi na mbili tu. Kiboko alikuja mkononi mwake mapema, akakaa hapo. Karas alikuwa na chemchemi tatu, kisha nne, na kila alipoweza kuingiza punda wawili alijizuia, akitunza maji.

"Bado mbili," alisema. "Bado mbili tu, mtaona!"

Hawakuona. Taa ya mwisho ya Karas ilizimwa na kipaka kimoja cha jangwani ambacho hakuna aliyewahi kukisifu, na kiboko akafa kwa kiu mkononi mwa mwenyewe.

Shadi aliruka mpaka madaftari yakaanguka kutoka kwenye rafu. Bi Sawsan akamfanya ayaokote yote, kisha akawaita wote watatu.

"Kubadilisha kadi si kosa," alisema. "Seti nzuri haitengenezwi siku moja. Unaongeza kadi, unacheza, unaona imefaa au haikufaa, unaiacha au unaitoa. Hiyo ni kazi, na ina raha yake. Kosa lenu ni kujificha. Kila mmoja alichukua kidogo, akidhani mwenzake hachukui, na kwa kuwa mlifichana mliogopa hata mazoezi. Mngecheza mara moja tu siku ya Jumatano, msingeaibika leo mbele ya watu. Ukiona unaikwepa kazi ili usigunduliwe, ujue hapo pameharibika." Akamgeukia Shadi. "Na kutoa kitu cha mwenzako bila kumwuliza kuna jina lake. Silitaji kwa sababu kuna wateja."

"Nalijua, Bi Sawsan," alisema Shadi, akiangalia viatu vyake.

"Basi usilisahau. Nihal, Shadi, mtavuka kwenda Port Fouad. Kesho mje hapa mezani mfanye mazoezi, na nitakuwa nahesabu. Karas naye aje."

"Mimi?" Karas aliuliza. "Mimi nimeshindwa, nije kufanya nini?"

"Wewe una kiboko," alisema Bi Sawsan, akivua miwani. "Nani atamtafutia maji?"